Kaka Aika, Diski Yako Ilikuwa Darini

Kaka Aika,

Sijui barua ya kwenda huko uliko huanzwaje. Shuleni walitufundisha kuandika "mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako," lakini wasiwasi juu yako uliisha siku tuliyokulaza kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kando ya Baba, kwenye ile migomba uliyokuwa ukijificha ili usitumwe maji. Basi naanza na habari yenyewe, maana imenijaa mpaka kooni: nimeolewa! Jumamosi iliyopita, hapa hapa Kirua, kanisa limejaa mpaka watu wamesimama madirishani. Mimi Nsia, mdogo wako, ambaye ulimwambia kila mgeni kwamba nitazeeka nikimenya ndizi jikoni kwa Mama.

Na nimeingia kanisani kwa wimbo wako. Ndiyo, ule ule. Kaa vizuri nikusimulie, maana umefika kwa taabu, na Mama ana kesi ya kujibu.

Unakumbuka ulivyoahidi. Godlisten alikuwa amekuja kujitambulisha kama mchumba wangu, amekaa kwenye kiti cha Baba bila kujua kwamba ni cha Baba, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia ahame. Ukaingia na bakuli lako la mtori, ukamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, ukasema, "Dada yangu ataingia kanisani kwa wimbo wangu, au haingii." Mama akakuuliza wimbo huo utakamilika kabla ya banda la kuku au baada yake. Tulicheka sana. Lile banda lilikuwa nguzo nne bila paa tangu mwaka wa kipaimara changu. Ukaapa kwamba wimbo upo tayari, umo kwenye diski, na sauti zote nne umeziimba mwenyewe ili kwaya wajifunze. Hakuna aliyekuamini. Nani angekuamini, kaka? Wewe ulikuwa mtu wa kuanza vitu.

Halafu masika ikaja na ile homa yako, na tukakuzika mvua ikinyesha.

Nguo zako zilipata wenyewe. Redio yako alichukua baba mdogo, na anaifungulia taarifa ya habari kwa sauti ya kutuamsha sote. Sikutaka chochote katika hivyo. Nilichotaka ni kujua kama wimbo upo. Kama ulikuwepo, basi ulikuwa wangu, na ulikuwa kitu cha mwisho ulichonifanyia kwa mikono yako. Nikaitafuta diski kwenye makoti, kwenye begi, chini ya godoro, na kwenye ile steshenari ya mjini nilipokuwa nikichapa barua za watu. Haikuwepo. Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu wanaoingia na kutoka, nikajua mtu ameipitia. Nikakulilia upya, safari hii kwa hasira.

Maana diski ile ilikuwa wewe. Hukuwahi kuwa na kompyuta yako. Ulikuwa na kile kikasha cha bati chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na ndani yake Linux nzima, ule mfumo wako wa kuendeshea kompyuta, na kazi zako zote, ukakitembeza Moshi yote kwenye mfuko wa koti. Ukifika mahali penye kompyuta unaomba kwa adabu, unachomeka waya wako, unaizima mashine na kuiwasha tena, na mashine ya watu inamsahau mwenyewe inakuwa yako. Ukimaliza unachomoa, nayo inarudi kwa bwana wake, hakuna hata unywele uliopungua. "Watu wana nyumba," ulikuwa ukisema, "mimi nina diski." Mama akajibu kwamba mwanamke haolewi aje kuishi kwenye diski.

Na ulivyonifundisha! Wengine wangeanza na maneno magumu, wewe ulianza na mbuzi. Ulisema kompyuta ikiamka haijui chochote, inapita tu ikiuliza nani ana mfumo, na inauliza kwa zamu, kuanzia mkubwa wa nyumba, ambaye ni diski ya ndani. Ni kama mbuzi wa ukoo akichinjwa: kila kipande kina mwenyewe na kila mtu ana nafasi yake. Ukitaka mgeni apewe kwanza, ukae na wazee mapema, kabla kisu hakijagusa nyama. Kwa hiyo bonyeza Delete mashine inapowaka tu, ingia kwenye orodha, umpandishe mgeni juu, uhifadhi, ndipo utoke. Mpaka leo nikiona ile skrini ya buluu nasikia njaa.

Kwa zile kompyuta kuukuu, zisizojua kabisa kwamba mfumo unaweza kutoka kwenye USB, ulitengeneza CD, ukaiandika kwa kalamu nyekundu: MSHENGA. Inaingia yenyewe kwanza, inaongea na mashine, inaitambulisha diski, halafu inakaa pembeni. Ulinipa moja niitunze. Nayo nilikuwa nayo, kwenye kitabu changu cha nyimbo. Nilikuwa na mshenga na sina bwana harusi.

Sasa njoo kwa Mama.

Vuli ilipoanza akanituma darini nimshushie mbegu za maharage. Unalijua lile dari la jikoni, juu ya mafiga, lilivyo jeusi kwa moshi, ukigusa boriti unashuka na mkono wa mkaa. Makopo yamepangwa: maharage, mahindi, ulezi. Nikafungua moja, nikaona majivu, kama mbegu zote za Mama. Nikaingiza vidole, nikashika kitambaa. Kipande cha khanga. Ndani ya khanga, diski.

Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe akaitikia. Mama akatoka na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka. "Sasa unalia nini?" akaniuliza. "Kaka yako alisema hiki ni kitu cha thamani nikitunze. Cha thamani si kinakaa darini? Huko mdudu hagusi." Nikamwambia, Mama, na majivu je? Akanitazama kama mtu asiyewahi kulima. "Umeona wapi kitu kinawekwa bila majivu?" Nikamuuliza kwa nini miezi yote ile hakusema. Akafikiri kidogo. "Hamkuniuliza. Mliniuliza vikombe, mliniuliza sukari, mliniuliza mikeka ya wageni."

Nilishuka nikamkumbatia na masizi yangu yote.

Nikakaa barazani na mswaki mpya na spiriti kidogo, nikaisafisha. Majivu yalikuwa yameingia kwenye tundu la waya mpaka ndani. Nilikuwa naogopa, Aika. Diski imekaa juu ya moto wa kuni tangu masika, imefukizwa asubuhi na jioni pamoja na mtori. Nilikuwa nanusa lile kasha na linanuka jikoni kwetu, na nikawa nasema moyoni, basi angalau kama imekufa imefia nyumbani.

Jumamosi tukashuka mjini, kwenye ofisi ya Godlisten. Yeye ni karani wa watu wa malori, na mchana wa Jumamosi ofisi huwa tupu. Shemeji yako ni mtu mwema ambaye hapendi kuacha swali bila jibu, na hilo lilitaka kutuua. Nilipokuwa nimeinama natafuta Mshenga kwenye mkoba, akanisaidia: akaichomeka diski kwenye kompyuta yake Windows ikiwa inaendelea. Nikasikia anasoma kwa sauti kwamba diski hii haijafomatiwa, je unataka kuifomati sasa? Nikainua kichwa. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye Yes.

Nilimchapa kofi la mkononi mpaka mlinzi akaja kuchungulia mlangoni.

Nikamweleza kwamba haina kasoro, ni vile tu Windows haijui kusoma mpangilio wa Linux, na isichoweza kusoma inakiona kitupu. Angebonyeza pale, angekuwa amefuta kila kitu kwa heshima zote. Maskini akasimama, akanipisha kiti. "Kaa wewe," akasema, "mimi nitashika mkoba." Siku ile ndipo nilipojua nimepata mume.

Nikaizima mashine. Nikaunga vichwa vyote viwili vya ule waya wako, kile cha data na kile cha kuongeza umeme, maana kimoja peke yake ulisema ni kumlisha mtu mzima uji wa mtoto. Nikawasha, nikabonyeza Delete, nikaingia kwenye orodha ya wazee. Flopi, CD, diski ya ndani. USB haikuwepo hata kwa jina. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Nikaipandisha CD juu, nikahifadhi, nikamwingiza Mshenga. Ikanguruma, maandishi meupe yakaanza kukimbia kwenye weusi, nami nikaanza kutabasamu. Halafu yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema haioni mfumo ulipo, na kwamba imepaniki.

Nikajua ni majivu. Nikajua ni moto, ni moshi, ni miezi yote ile darini. Godlisten alishika tu mkoba kwa mikono miwili. Nikarudia, ikasimama pale pale. Nikaweka paji la uso kwenye meza ya watu.

Hapo ndipo sauti yako ikanijia, wazi kabisa, ile ya kunicheka. Mara moja tulikuwa kwa yule rafiki yako wa duka la picha, mashine ikagoma hivyo hivyo, ukasema, "Mashine ina haraka kuliko diski. Diski ya USB inaamka kama Mama siku ya baridi. Ameshaamka, lakini kwanza anakaa kitandani. Wewe iambie mashine isubiri." Kumbe haikuwa majivu! Mshenga alikuwa anabisha hodi na kuondoka kabla mwenye nyumba hajavaa viatu. Nikawasha tena, na kwenye ule mstari wa kwanza, kabla haijaenda popote, nikaongeza neno lako la kusubiri, rootdelay, nikaipa sekunde kumi. Nikabonyeza Enter.

Ikasimama kimya. Halafu kijitaa cha diski kikapepesa, mara moja, mara mbili, kisha kikaanza kuwaka mfululizo, na maandishi yakaendelea kukimbia, na yakapita pale yalipokuwa yanafia. Nilimshika Godlisten shati. Hukuweka nywila, kwa sababu ulisema mwizi akifika mpaka hapo anastahili. Ukatokea ukurasa wako, na picha uliyoiweka ni ya banda la kuku, nguzo zake nne, na wewe umesimama katikati umekunja mikono kama mhandisi.

Na faili lilikuwepo. Uliliita Harusi ya Nsia.

Lilifunguka kwenye ile programu yako ya kurekodi, mistari minne, kila mmoja sauti yake. Ndiyo maana ilibidi kuamsha mfumo wako mzima: hukuwa umezichanganya kuwa wimbo mmoja, zilikaa humo kila moja kwa jina lake, na hakuna mashine nyingine ambayo ingezipanga. Nikabonyeza. Ukaanza kuimba. Besi ni wewe. Teno ni wewe. Alto ni wewe umebana pua. Soprano, Mungu akusamehe, ni wewe pia, kama mbuzi aliyefungwa mbali na wenzake. "Mfungulieni mlango, anakuja na asubuhi." Godlisten alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia kwa sauti, nasema wazi, na katikati ya kulia nikacheka kwa sababu ya ile alto. Ulikuwa umemaliza, Aika. Beti zote tatu, mpaka Amina. Uliposema umemaliza, ulikuwa umemaliza kweli.

Tukaleta redio kaseti, tukaunga waya kutoka kwenye kompyuta, nikatoa kaseti nne, kila sauti yake, nikampelekea mwalimu wa kwaya. Wanaume wakajifunzia kwake. Masoprano wakaipeleka ya kwao nyumbani kwa mwenzao Mama Ndelilio, wakawa wanaisikiliza huku wakichambua maharage, na umeme wenyewe wa mgao, hivyo nusu ya mazoezi ilikwenda kwa betri.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Jirani wa juu amekata mibuni yote akapanda nyanya, anasema kahawa hailipi. Mama amekataa kukata hata mche mmoja, anawaambia Baba atamuuliza. Ng'ombe amezaa mtamba. Pale juu kwenye shule wamesimamisha mnara wa simu, na sasa mtu akipigiwa anakimbilia kwenye mgomba wa tatu ndipo anasikika. Banda la kuku limeezekwa na Godlisten kabla ya harusi, kwa hiari yake, na jogoo amekataa kulala humo. Diski tumeinakili, na yenyewe Mama ameomba irudi darini. Tumekubaliana, ila bila majivu.

Sasa harusi. Kulikuwa na matarumbeta kutoka mjini, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, amekaa mezani na majani mdomoni akinitazama, na baba mdogo ametoa hotuba ndefu mpaka pombe ya mbege ikaanza kumjibu. Lakini hayo yote utayaona kwenye picha, kama huko mna picha. Ninachotaka kukuambia ni kitu kimoja, nimekuwa nakificha tangu mwanzo wa barua.

Kwenye rekodi, kwenye ubeti wa pili, soprano inapanda mno pale kwenye "asubuhi." Ulijitahidi, sauti ikakatika, ukacheka. Kile kicheko chako kifupi cha kifuani, cha mtu aliyejikwaa na hakuna aliyemwona. Halafu ukaendelea kana kwamba hakuna kitu. Nilikisikia siku ile ofisini, nikatabasamu, nikasahau. Kaseti nikazitoa zilivyo. Mazoezini sikwenda hata siku moja, bibi harusi ana nafasi hiyo?

Basi niko katikati ya kanisa, mkono wangu kwa baba mdogo, shela inaniwasha shingoni. Ubeti wa kwanza umepita vizuri. Wa pili unapanda. Ikafika "asubuhi." Mama Ndelilio na wenzake wote, wanawake wazima na majoho yao ya zambarau, wakavuta pumzi wakacheka. Wote kwa pamoja. Kicheko kifupi, cha kifuani. Halafu wakaendelea kuimba na zile nyuso zao za ibada.

Walikuwa wamekikuta kwenye kaseti, wakajua kimo kwenye wimbo. Mwalimu naye, nimekuja kuambiwa, alidhani ndivyo ulivyotunga, kwa kuwa wewe ulijulikana kwa mambo yako, na kwenye noti zake aliandika mapigo mawili na neno "kicheko."

Mimi nilisimama. Baba mdogo akanivuta mkono, sikuweza kwenda. Nikamtafuta Mama kwenye benchi la mbele. Unamjua alivyokuwa tangu masika: anatania, anahudumia, anatabasamu kwa ajili ya watu, na mlango ukifungwa hana sauti. Nikamwona ameinama, leso mdomoni, mabega yanatikisika, nikajua analia. Halafu akainua uso. Alikuwa anacheka. Mama, kanisani, kwa sauti, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, na akasema "Aika!" vile vile alivyokuwa anakuita ukiwa umefanya kituko. Na kila aliyekujua akaelewa. Kanisa zima likacheka, kaka, mchungaji akiwemo, na kwaya peke yao hawakujua kwa nini, wakazidi kuimba kwa bidii. Nilitembea mpaka madhabahuni nikiwa nacheka na kulia, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumapili mwalimu wa kwaya alinifuata, ameshaambiwa ukweli, ameona aibu, ananiuliza kama wakitoe kile kicheko. Nimemwambia asithubutu. Usharika wa jirani wameshaomba noti kwa ajili ya harusi yao, na amewanakilia na mapigo yake mawili.

Lala salama, kaka yangu. Hii ndiyo ahadi yangu kwako: maadamu niko hai, hakuna atakayeusahihisha wimbo huu. Wataolewa wasichana ambao hawakukuona hata siku moja, na katikati ya kanisa watu watakucheka kicheko chako, wakidhani ndivyo wimbo unavyokwenda.

Mdogo wako,
Nsia